Andika Mvua

Jumatatu, 2 Oktoba

Daftari hili nimelinunua Makutano leo, kwa sababu ya Lorna. Lorna ni mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu Nairobi. Anakusanya hadithi fupi za shule za upili, na mada aliyonipa ni binadamu kuheshimu nguvu za asili. Tarehe ya mwisho ni thelathini na moja mwezi huu. Alisema kwenye simu kwamba mwandishi mzuri huweka shajara ili aizoee sauti yake. Miaka ishirini na mitatu nimefundisha Kiswahili, nimesahihisha insha za kujaza lori zima, na sijawahi kuchapishwa hata barua gazetini. Sasa nimeombwa! Nilipomwambia mke wangu Kananu, alisema hongera, halafu akaniuliza kama nimempigia fundi wa geti jipya.

Jumatano, 4 Oktoba

Mawingu yamekaa juu ya milima ya Nyambene tangu asubuhi. Hayakunyesha.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo Mithika alikuja na jembe na sepetu begani, saa moja asubuhi. Nilikuwa nimesahau kabisa ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Nieleze, maana Lorna anasema shajara isimwache msomaji nje. Sisi tunakaa mteremkoni, juu kidogo ya Muthara. Baba alitugawia shamba lake sehemu mbili: mimi kitinda mimba nikabaki juu, kwenye boma lake kando ya barabara, na kaka yangu Mithika akapewa upande wa chini hadi mtoni. Kati ya barabara na nyumba yangu palikuwa na mtaro. Baba na majirani zake waliuchimba kabla sijazaliwa, uchukue maji yote ya barabara na kuyapeleka kwenye korongo la mawe upande wa kushoto. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mimi na Mithika huufukua, na mkewe Gladys hutuletea uji.

Mwaka huu hakuna cha kufukua. Mwezi jana nilimwaga malori mawili ya changarawe nikaujaza, mita kumi na mbili mbele ya geti, ili magari yaingie. Tarehe ishirini na nane wakwe watarajiwa wa binti yangu Kagendo wanakuja kutoka Embu kuzungumza mambo ya mahari, na huwezi kuwaambia watu wa Prado waegeshe barabarani waruke mtaro kama wanafunzi waliochelewa.

Mithika alisimama akaangalia. Ni mtu wa maneno machache, tena ukimsubiri ayamalize unaweza kwenda sokoni ukarudi.

"Kaimenyi, kalvati iko wapi?"

"Nitaliweka hilo bomba. Wageni kwanza."

"Maji itapita wapi?"

"Mvua yenyewe haijakuja, Mithika."

Akaweka sepetu begani akashuka. Gladys alikuwa ameshafika na birika la uji, kwa hiyo tulikunywa mimi na yeye na Kananu. Alisema mimi ndiye mtu wa kwanza Tigania kulipwa uji kwa kazi ya kuangalia changarawe.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimeanza hadithi. Kichwa chake ni "Mlima Hausahau". Tajiri mwenye kiburi anakata miti ya mlima na kuwacheka wazee, na mlima unamkasirikia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza, dakika ishirini. Harufu ya udongo imejaa nyumbani. Nimeandika kurasa mbili nzuri sana, ingawa najisifu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kidato cha Nne wamebakiza wiki tatu. Nimewapitisha tena katika nguvu za asili katika fasihi: mto, mlima, ukame, bahari. Niliandika ubaoni, "Asili humwadhibu anayeidharau," nao wakanakili. Kinya, binti wa Mithika, ndiye wa kwanza darasani, tena si kwa upendeleo wangu. Nyumbani ananiita Anko, shuleni Mwalimu, na hajawahi kukosea mahali.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua siku tatu mfululizo. Maji ya barabara yanafika getini, yanazunguka kidogo, halafu yanaingia kwenye migomba. Si mengi.

Mithika alikuja jioni, akakataa kuketi.

"Ile maji inashuka kwangu sasa. Imepita kwa miraa."

"Ni wiki moja tu na siku mbili. Wageni wakienda nitafukua."

"Nyuma ya jikoni udongo imelowa mpaka ndani. Mama Kinya ameona."

Nilimwambia nimesikia. Nilikasirika, na naandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilihisi kaka yangu anaona wivu kwa sababu ya Prado na ya Kagendo. Kinya naye bado ana safari ndefu ya shule. Hivyo ndivyo nilivyowaza.

Jumamosi, 21 Oktoba

Geti limefika. Jeusi, lina nyota mbili za dhahabu. Kananu amelipangusa mara tatu.

Jumanne, 24 Oktoba

Rasimu imekamilika. Mwishoni, tajiri yuko kitandani anahesabu mali yake, mlima unanguruma, na asubuhi hakuna nyumba wala mtu. Nilimpa Kinya ainakili kwa mwandiko safi, naye akamsomea mama yake huku wakimenya nduma. Leo Gladys alinipata njiani.

"Mwalimu, ule mlima wako wa daftari nimeusikia."

"Ukaonaje, Mama Kinya?"

"Inatisha. Lakini huyo mtu aliuawa kwa sababu ya kiburi?"

"Ndiyo maana yake."

"Kwetu Embu ule mwaka ridge ya mlima ilianguka, wale walikufa walikuwa watu wapole tupu. Mmoja alikuwa anakamua ng'ombe." Akacheka, akanipa nduma tatu zilizofungwa kwenye jani la mgomba. "Chukua hii, uandikie nguvu. Na ufungue ile mtaro, mimi naogopa."

Nilimwambia fasihi si ripoti ya chifu, kwamba tukio katika hadithi lazima liwe na sababu. Alikubali haraka, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Wamekuja! Magari manne, yote yameingia bila shida. Mvua ilisubiri mpaka saa tisa. Msemaji wao, mzee Kinyua, ana sauti ya redio. Gladys ndiye aliyewapokea kwa Kiembu chao, na baada ya hapo mambo yote yalilainika. Walimwita binti yao, wakamwambia amepotelea kwa Wameru na lazima walipwe mara mbili. Alicheza mbele ya akina mama wote akiwa amebeba sufuria ya githeri kichwani. Kagendo alilia kwa furaha. Mithika alikaa upande wetu na koti lake la harusi, akazungumza kwa heshima kuhusu baba yetu. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo tena tangu nipate kazi.

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua kubwa. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mithika tena. Mara hii alikuja shuleni, akasimama nje ya chumba cha walimu na gambuti zenye matope, kofia mkononi.

"Wageni wameenda," alisema.

Nilimwambia hadithi inatakiwa Nairobi kesho, kwamba Jumatano nitampata Mutegi wa vibarua na vijana wawili, tuufukue mtaro siku moja.

"Mimi naweza kufungua leo, peke yangu. Nipe ruhusa tu. Ni kwako."

Kwa nini sikumpa? Nimekaa na swali hilo saa nzima sasa. Kananu alikuwa amesema changarawe ile isiguswe mpaka watu wa Embu wamerudi mara ya pili Desemba. Lakini si Kananu. Ni kwamba alikuwa ameniuliza mbele ya walimu wenzangu, na mwalimu mkuu alikuwa anasikiliza.

"Jumatano, Mithika," nilisema.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimetuma. Lorna amejibu papo hapo: amepokea, anaanza kusoma.

Jumatano, 1 Novemba

Mutegi hakuja, mvua ilianza alfajiri. Alisema kesho.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua. Kesho.

Jumapili, 5 Novemba

Naandika kwa sababu mkono hautaki kufanya kitu kingine.

Ijumaa mvua ilianza saa sita mchana. Tulikuwa darasani, kipindi cha mwisho cha marudio. Paa la mabati lilipiga kelele hadi nikawa naandika ubaoni badala ya kusema. Nilikuwa nimeandika tena mambo yale yale, mto na mlima, na Kinya alikuwa amenyoosha mkono kuuliza kitu nisichokisikia, simu yangu ilipotetemeka mfukoni. Ilikuwa Kananu. Nilisikia tu, "Maji imegeuka hapa getini, yote inashuka chini," halafu kelele.

Nilimwambia Kinya twende. Tulikimbia kilomita mbili na nusu, yeye mbele yangu akiwa ameshika viatu mkononi, na barabara yote ilikuwa imekuwa mto mwekundu unaoelekea upande tuliokuwa tunaelekea sisi.

Getini niliona kila kitu mara moja. Maji ya barabara yalikuja kwa nguvu mpaka pale mtaro ulipojazwa, yakakuta ukuta wa changarawe yangu, yakakusanyika, yakakosa korongo, yakapita mahali pamoja tu, upana wa mlango. Yalikuwa yamechimba mfereji mpya katikati ya migomba na miraa, moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni kwa Mithika. Mteremko wa nyuma ya jikoni haukuwepo. Wala jikoni.

Nyumba yao kubwa ilikuwa imesimama, madirisha yote mazima. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Pale jikoni palikuwa na matope yenye unene wa mtu mzima, na juu yake mgomba mmoja umesimama wima ukiwa na mkungu wake.

Mithika alikuwa Muthara kupeleka miraa. Majirani walikuwa wameanza kuchimba. Nilichimba nao. Kinya alichimba kwa mikono hadi wakamwondoa, akarudi, wakamwondoa tena. Kila mara mtu alipoita "Mama Kinya!" tulinyamaza wote tusikilize, na mvua ilikuwa haitaki kunyamaza. Mithika alifika saa kumi na nusu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu jiko lilikuwa upande gani, kwa sababu hata yeye hakuweza kujua tena, akaanza pale.

Tulimpata saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, kisu cha kumenyea kikiwa mkononi. Gladys alikuwa na miaka arobaini na minne. Sikuweza kumwangalia usoni. Nilishika mguu wake wakati wa kumbeba kwa sababu huko ndiko nilikoweza.

Jumatatu, 6 Novemba

Chifu alikuja na mtu wa kaunti. Wakapima, wakapiga picha. Mtu wa kaunti alisema mvua imezidi kiwango na ardhi imelegea mlima wote, akawashauri wanaokaa mteremkoni wahame, bila kusema wahamie wapi. Alisimama juu ya changarawe yangu akisema hayo, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Mithika alikuwa karibu. Nilingoja anyooshe kidole. Nilitaka anyooshe. Hakunyoosha, nami sikufungua mdomo.

Kinya amekwenda kufanya mtihani. Amehamia kwetu, analala chumba cha Kagendo.

Jumanne, 7 Novemba

Nimechimba mtaro. Peke yangu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kananu alinitazama dirishani. Viganja vimechubuka na nimefurahi kwamba vimechubuka, halafu nikaona aibu kwa furaha hiyo. Mithika alipita barabarani akiwa na vijana wa jeneza. Aliangalia shimo, akaendelea.

Jumatano, 8 Novemba

Huku kwetu mtu akifa, mwalimu wa ukoo ndiye anayeandika wasifu wa marehemu, kile kikaratasi chenye picha kinachosomwa kaburini. Nimewaandikia watu wengi. Nina mpangilio wangu: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kanisa, ugonjwa, mauti. Leo Mithika alikuja akaketi sebuleni kwangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni.

"Wewe ndio utaandika," alisema.

"Mithika, mimi siwezi."

"Nani mwingine ako na Kiswahili?"

Nikachukua kalamu. Alizaliwa Runyenjes, Embu. Alisoma hadi darasa la nane. Aliolewa, akajaliwa binti mmoja. Mwimbaji wa kwaya. Alipenda mzaha. Nilipofika pale pa kuandika kilichomuua, kalamu ilisimama. Nikamwangalia. Nilitaka kumwambia wakati ule, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Andika mvua," alisema.

"Mithika..."

"Andika mvua, Kaimenyi."

Niliandika: alipatwa na mauti kutokana na mvua kubwa. Aliisoma polepole, kidole kikifuata kila neno, akasema hapo sawa, akaondoka.

Jumamosi, 11 Novemba

Tumemzika, kwenye mvua. Watu wa Embu walikuja na yale magari manne, mara hii wakaegesha barabarani. Mchungaji alihubiri kwamba Mungu ameweka mipaka ya maji na hatuwezi kumhoji. Watu wakasema amina. Kinya ndiye aliyesoma wasifu. Alisoma vizuri, kama nilivyomfundisha, akipumzika penye nukta. Alipofika kwenye mvua hakutikisika. Baadaye wazee walinishika mkono wakasema nimeandika maneno mazuri.

Jumanne, 14 Novemba

Lorna amejibu. Hadithi imepita. Anasema imemgusa sana, hasa mwisho, kwamba watoto watajifunza mlima haudharauliwi.

Nimeisoma tena. Ni uongo kutoka sentensi ya kwanza. Mlima wangu unakasirika, unasikiliza, unakumbuka nani alimcheka nani, kisha unachagua nyumba sahihi. Niliupa akili yangu mwenyewe na kuuita heshima. Huu wa nyuma ya nyumba haujui kama niko. Maji yalikuja yakakuta njia yao imezibwa, yakatafuta nyingine, na aliyekaa kwenye njia hiyo nyingine alikuwa anamenya viazi. Kuuheshimu kulikuwa siku moja ya sepetu. Hakukuhitaji hadithi.

Jumatano, 15 Novemba

Nimempigia Lorna nikamwomba airudishe. Alisema ameshasikia kuhusu msiba, pole sana Mwalimu, huzuni hufanya mtu achukie kazi yake, nisiamue sasa. Kitabu kinaenda mtamboni Januari. Nikasema sawa. Ndivyo nilivyo, nasema sawa.

Jumatatu, 20 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 23 Novemba

Kinya anaamka, anasoma, anakwenda, anarudi. Huniambia mtihani ulikuwa mzuri, Anko. Husaidia kuosha vyombo. Jana alicheka kitu Kananu alichosema, halafu akashika mdomo.

Jumatatu, 27 Novemba

Mtaro unafanya kazi. Maji yote yanakwenda korongoni, hakuna hata tone linaloshuka. Nimesimama kuyaangalia hadi Kananu akaja kunichukua.

Ijumaa, 1 Desemba

Kinya amemaliza mtihani wa mwisho. Alichukua mkoba wake hapo hapo akashuka kwa baba yake. Nilimwambia angeweza kukaa hadi Krismasi. Alisema asante, Anko.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua imekwisha. Jua kali, anga haina kitu. Nyambene yote imekuwa kijani.

Leo baada ya kanisa niliona pikapu imesimama kwa Mithika. Nikashuka. Kitanda kilikuwa kimeshapakiwa, na makochi, na magunia, na mlango wa nyumba umeng'olewa umelazwa juu ya vyote. Wanakwenda Runyenjes kwa wazazi wa Gladys. Mithika alikuwa anafunga kamba.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilisema, "Mithika, ni mimi. Ni ule mtaro."

Aliendelea na fundo lake hadi likakaza.

"Najua," alisema. "Nilikuja kwako mara tatu."

"Mbona uliniambia niandike mvua?"

"Kinya alikuwa na mtihani. Na wewe ndio mwalimu wake. Angelala wapi? Angesomea kwa nani?" Alijaribu kamba kwa mkono. "Sasa mtihani imekwisha."

"Umemwambia?"

"Jana."

Akaingia upande wa dereva. Kinya alikuwa ameshakaa ndani, kando ya dirisha, kioo kimefungwa. Nilienda upande wake nikagonga kidogo. Alinitazama muda wote ambao gari lilikuwa linawashwa, naye hakugeuza uso wala hakufungua. Halafu wakapanda kwenda barabarani, wakapita mbele ya geti langu, wakashika njia ya Meru.